Aje na Mkono, Si na Ubao

Nyakato, Mwanza
10 Machi 1997

Kwa wifi Getruda,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na baba mkwe na wote wa hapo Nassa. Kifua cha baba kinaendeleaje, siku hizi kinamwachia alale? Huku tupo, ila wazima si wote, na ndiyo sababu naandika. Usidhani nimeamka tu nikakukumbuka. Mdogo wako Masalu ndiye aliyenituma, na kwa sasa hawezi kushika kalamu.

Ameumia kiwandani Alhamisi iliyopita. Kazi yake unaijua, ingawa hutaki kuijua. Wanasimama uso kwa uso kwenye meza moja, kila mtu na sangara wake na kisu chake, wanatoa minofu ya kwenda Ulaya. Samaki wanatoka kwenye barafu, vidole vinakufa ganzi, na msimamizi anapita nyuma akihimiza kwa sababu ndege haisubiri. Mwenzake wa mbele, Okech, alikuwa anavuta kisu kwenye mgongo wa samaki. Kisu kikaruka mfupa, kikamwingia Masalu upande wa ndani wa mkono wa kulia, hapa juu kidogo ya kiganja. Masalu alidhani ni glovu tu imechanika. Alikuwa anacheka mpaka alipoona damu inaruka na kupiga aproni ya Okech.

Okech mwenyewe ndiye aliyemfunga kwa kamba ya aproni, akamnyanyulia mkono juu mpaka hospitali. Nilipofika, kiganja kilikuwa cheupe kama unga na baridi kama hao samaki wao. Daktari akanieleza kwamba mkono unalishwa na mishipa mikubwa miwili, mmoja upande wa kidole gumba na mwingine upande wa kidole kidogo, na yote miwili ilikuwa imekatika. Wangeishona, au wangeukata mkono. Akasema tusisimame tukijadiliana.

Nikaweka sahihi. Mshipa wa kwanza waliushona ncha kwa ncha. Wa pili ulikuwa umeliwa na kisu, ncha hazifikiani, kwa hiyo walichukua kipande cha mshipa kwenye mguu wake, karibu na kifundo, wakakiunganisha hapo katikati. Ilichukua mchana kutwa. Sasa vidole vina joto. Ana ubao chini ya mkono na bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Mwambie baba taratibu. Na usije mbio na mafuta yako ya kondoo. Mkono huo hauchuliwi.

Ni mimi wifi yako,
Selina


Nassa
14 Machi 1997

Selina,

Barua yako nimeipata kwa Yeremia, dereva wa lori la barafu. Imenuka samaki mpaka nyumba nzima ikajua kuna habari kutoka kwako. Shikamoo yako nimeiona. Baba hajambo kwa kiasi chake. Anakohoa, anauliza saa, anakohoa tena. Nimemwambia Masalu amejikata kidogo. Nimemdanganya mzee wangu kwa ajili yako.

Sasa nikuulize. Nani alikupa ruhusa ya kuweka sahihi? Mtu ana baba yake, ana dada yake, na lori linakuja hapa mwaloni kupakia samaki kila siku. Hukuweza kutuma neno? Watu wa Mara mna haraka. Hata ndoa mlifunga kwa haraka, huko huko mjini, sisi tukaletewa picha.

Na huo mguu umewakosea nini? Alikuwa na mkono mmoja mbovu, sasa ana mkono mbovu na mguu mbovu, na wewe unanieleza kama habari njema. Mkono wa mdogo wangu una mguu ndani yake. Nikilisema hilo hapa kisimani nitachekwa mpaka Krismasi.

Labda hujui Masalu ni nani. Mama alipofariki alikuwa hajaota meno. Nilimbeba mgongoni nikichuma pamba, nikamtafunia viazi. Huyo ndiye mtoto wa kiume wa pekee katika nyumba ya mzee Malimi. Mkono unaouongelea ndio utakaotupa udongo wa kwanza siku baba atakapoondoka, na siku hiyo haiko mbali. Nilimkataza kwenda huko kwenye visu. Nikamwambia hata kama pamba haina mnunuzi wa maana, ziwa lipo, mtumbwi upo. Wewe ukamwambia mjini kuna kazi ya mshahara.

Mlete hapa. Mzee Mhoja ameunga mifupa ya watu kabla wewe hujazaliwa. Mkono ukikaa kwenye ubao bila kuchuliwa unakauka kama kuni, hilo kila mtu analijua.

Nimempa Yeremia tumbaku kidogo ya Masalu, ile ya shambani kwangu anayoipenda. Mpe mwenyewe mkononi, huo ulio mzima.

Dada yake Masalu,
Getruda


Nyakato
19 Machi 1997

Wifi Getruda,

Shikamoo tena, hata kama hujaitikia ile ya kwanza. Mwambie baba tunamwombea. Masalu anakula, analala, ananikasirisha, kwa hiyo naona anapona. Mimi miguu imevimba na mtoto hajashuka bado, ila hukuniuliza.

Tumbaku yako nimeitupa chooni.

Kaa hivyo hivyo ulivyo na hasira, unisikilize. Daktari amekataza moshi wowote, wa sigara, wa kiko, hata kukaa karibu na mvutaji. Tumbaku inaibana mishipa. Mtu mzima haoni tofauti, lakini mshipa wa Masalu umeshonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kuzunguka pande zote, na njia ya damu hapo ndani ni nyembamba. Ikibanwa kidogo tu damu inasimama, ikisimama inaganda, ikiganda vidole vinakufa. Ulimtumia sumu iliyofungwa kwenye gazeti.

Habari ya mguu: hana mguu mbovu, anatembea nao mpaka dukani. Mshipa waliochukua ni wa juu juu, mguu una mingine. Daktari alinieleza mpaka jambo ambalo sikulijua, kwamba mishipa ya mguuni ina vimilango ndani, damu inapita upande mmoja tu. Kwa hiyo kile kipande walikigeuza kichwa chini ndipo wakakishona, la sivyo vimilango vingeifungia damu nje. Watu waliofikiria mpaka hapo, wewe unataka nimtoe kwao nimpeleke kwa mzee Mhoja akamkande kama unga wa maandazi. Mzee Mhoja anaunga mifupa, simkatai. Huu si mfupa.

Kila asubuhi ninaweka vidole viwili pale kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa gumba, nasikiliza. Unagonga. Halafu naminya kucha moja, inakuwa nyeupe, nikiachia inarudi nyekundu. Nikishaona hivyo ndipo nawasha moto wa chai. Hayo ndiyo maisha yangu tangu ulipoamua kwamba nimeharibu ndugu yako.

Kwamba mjini nilimleta mimi, ni kweli. Na nyie huko mlikuwa mnakula nini? Sangara wenyewe siku hizi lori linawabeba, mnabakiwa na vichwa na mapanki, mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, kama sisi.

Ubao unatoka mwezi wa tano. Hashiki kitu, hasukumi, hanyanyui, hapeani mkono na mtu. Akitaka kusalimia atasalimia kwa mdomo.

Wifi yako,
Selina


Nassa
3 Aprili 1997

Selina,

Baba amefariki jana alfajiri. Alimuulizia Masalu, nikamwambia yuko njiani.

Tunazika Jumamosi. Watu watatoka Magu, watatoka Sengerema, watatoka hata Shinyanga, na wote watakuja kumpa pole mtoto wa kiume. Sitaki waje wamkute amekaa pale na mti kifuani kama mtu aliyefungwa pingu, anasalimia kwa mdomo. Mtu aliyefiwa na baba hasalimii kwa mdomo. Anapokea mkono wa kila aliyekuja, hata wa adui yake. Wewe kwenu Musoma najua ni hivyo hivyo, usijifanye mgeni.

Aje na mkono, si na ubao.

Nimesikia kwa Yeremia umejifungua, mtoto wa kike. Hongera. Wewe usije, mzazi wa juzi hasafiri kwenye lori.

Getruda


Nyakato
4 Aprili 1997

Wifi,

Pole sana kwa msiba. Baba mkwe alinipenda, au alijitahidi, na nimemlilia. Shikamoo.

Barua hii inakuja mfukoni mwa Masalu. Nimemzuia jana usiku kucha na leo asubuhi nimemwachia, kwa sababu mtu hazuiwi kumzika baba yake. Laiti ningeweza kusimama vizuri ningekuja naye na ningekaa mbele yake kama mbwa. Siwezi. Mtoto ananyonya, mimi bado natoka damu. Kwa hiyo nakukabidhi wewe, na hakuna mtu ambaye nisingependa kumkabidhi kama wewe.

Nilisoma uliyoandika. Sasa na wewe soma yangu, na kama una miwani vaa.

Mkono wake haujapona. Kwa nje kidonda kimefunga, ndani uzi ndio unaoshika. Ubao usifunguliwe hata kwa sala. Watu mia wakimshika na kumtikisa kila mmoja kidogo, mshipa utafumuka au utaganda. Waambie wamguse bega. Waambie lolote. Waambie mke wake ni mchawi kamkataza, sina neno, ilimradi wasimshike.

Asubuhi na jioni vua glovu ya ukali wako, weka vidole viwili pale kwenye kifundo, upande wa gumba, palipoachwa wazi kwenye bandeji. Usibonyeze. Subiri. Utasikia. Minya kucha, iangalie inavyorudi.

Siku usiyosikia kitu, au ukaona vidole ni vya baridi, au vyeupe, au vya bluu, usimwite Mhoja. Usiuchue, usiutie maji ya moto, usiusogeze kwenye moto, usikaze bandeji. Mpakie kwenye lori saa hiyo hiyo, hata kama jeneza liko mlangoni. Daktari amesema ni suala la saa, si la siku.

Getruda, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu na sitakuomba tena. Mkono huo ndio unaonilisha mimi na mtoto huyu ambaye hujamwona. Ukirudi umekufa sitakusamehe, na nitamfundisha mtoto kutokusamehe.

Selina


Nassa
7 Aprili 1997

Selina,

Mkono umepoa. Nimeujua leo asubuhi. Vidole ni vya baridi, viwili vimekuwa vya bluu. Sikuuchua, sikuutia maji. Mhoja alikuja na mafuta yake nikamrudisha mlangoni. Yeremia alikuwa hajajaza samaki, nimemwondoa hivyo hivyo lori tupu, Masalu yuko mbele na barua hii iko kwenye shati lake.

Utauliza nani alifungua ubao. Ni mimi. Nilisema nataka mkono na nikautaka. Usimsumbue mgonjwa kwa maswali, majibu yake ndiyo haya.

Getruda


Nyakato
11 Aprili 1997

Getruda,

Walimfungua Jumatatu ile ile. Daktari alikuta mshipa umejaa damu iliyoganda, kutoka pale walipounganisha kwenda mpaka kiganjani. Aliitoa, akashona upya, akachukua mshipa kwenye mguu wa pili. Jioni vidole vitatu vikapata joto. Nilikaa pale na mtoto mgongoni, nikaminya kucha, ikarudi nyekundu, nikaanza kulia kama mjinga. Jumanne ikaacha kurudi. Jumatano kiganja kikawa cheusi na homa ikampanda, akaanza kukuita wewe, si mimi. Daktari akasema umekaa bila damu muda mrefu mno kabla ya kufika, nyama ilishakufa, na sasa ilikuwa ni mkono au Masalu.

Nikaweka sahihi. Safari hii pia sikutuma neno kwako.

Nesi aliniuliza kama wauchome pamoja na vitu vyao vingine au kuna ndugu atakayeuchukua. Nikamwambia mkono huu una kwao.

Yeremia anao kwenye lori, kwenye sanduku la barafu, umefungwa kwenye kanga yangu nyeupe. Usiogope harufu, barafu ni ya kiwandani, nzuri kabisa, ndiyo inayopeleka samaki Ulaya. Ulisema aje na mkono, si na ubao. Ubao nimebaki nao mimi. Mkono huo hapo, upokee, upeane nao pole na watu wako wote wa Magu na Shinyanga mpaka mtosheke.

Usinijibu.

Selina


Nassa
13 Aprili 1997

Selina,

Umesema nisikujibu. Nakujulisha tu kama mtu anavyojulishwa.

Mkono umefika. Nimeuzika jana miguuni pa baba, upande wa kulia. Nilichimba mwenyewe. Kabla ya kuufukia nilifungua kanga nikaushika, kama mtu anavyompa mtu pole, kwa sababu tangu baba afariki nilikuwa sijaushika hivyo. Kisha nikaufunga.

Kanga yako nimeiacha huko ndani. Nitakununulia nyingine.

Mpe Masalu uji wa ulezi. Anapenda uwe mchachu.

Getruda


Nyakato
2 Mei 1997

Wifi Getruda,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi na salamu, kwa hiyo ichukue hiyo. Mtoto anaongezeka, ana mdomo mkubwa wa kulia, watu wanasema ni wa upande wenu. Masalu anatembea. Kidonda kinafunga. Usiku anajikuna vidole ambavyo havipo.

Nakuandikia nikiwa na hasira kuliko siku ile ya sanduku, na safari hii zimegawanyika, sijui ipi ni yako na ipi ni ya nani.

Juzi jioni Okech alikuja kumtazama. Amekuja mara nyingi, huwa anakaa tu anaangalia sakafu. Nikaanza kusema habari zako, kama ninavyozisema kwa kila anayeingia humu. Nikamweleza Okech kwamba asijilaumu, jeraha la kisu chake daktari alishalishona, mkono umeuawa na dada mtu. Masalu akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Ndipo akasema yote, mbele ya Okech, huku ameangalia ukuta.

Amesema ulipoisoma barua yangu uliweka vidole pale nilipoandika. Amesema siku ya kuzika ulitoka kwa wanawake ukaenda kukaa upande wa wanaume, ukauweka mkono wake wa kulia ndani ya kitenge chako, na kila aliyekuja kumpa pole ulitoa wa kwako. Wazee walikunja uso. Walisema binti Malimi amejifanya mtoto wa kiume. Ukaendelea kutoa mkono mpaka ukavimba.

Amesema wakati wa kwenda kaburini ndipo mzee Shimba, mmoja wa wazee hao, alipomfuata. Masalu akampa wa kushoto, mzee akauondoa wake, akamwambia mtoto wa kiume hamziki baba yake kwa mkono wa kushoto. Masalu akaenda nyuma ya zizi akaufungua ubao kwa meno. Akarudi, na hakutupa udongo kwa kiganja tu, akachukua jembe akafukia na vijana mpaka mwisho. Damu ilipoanza kulowesha bandeji akachana shati akaukaza kabisa, watu wasione. Wewe ulikuwa umesharudi kwa wanawake, mnalia. Jioni ulimtumia mtu kwenye moto wa wanaume, wanapolala matanga, kuuliza kama unagonga, akajibu unagonga vizuri. Na kesho yake ukauliza tena, akajibu hivyo hivyo. Kwamba wewe huwezi kuingia kwenye moto wa wanaume alijua, na alilitumia hilo.

Kwa hiyo hukufungua kitu.

Nilimpiga, Getruda. Nilimpiga kofi mtu wa mkono mmoja, mbele ya mgeni, Okech akanishika. Tangu hapo hatujaongea.

Sasa niambie kwa nini ulinidanganya. Umeniacha nimekutukana kwa kila mtu hapa Nyakato. Umeniacha nimekupakilia mkono wa ndugu yako kwenye sanduku la samaki, na ukaupokea, na ukaniandikia habari ya uji. Wewe ni mtu wa namna gani? Sikuombi radhi. Kwanza nijibu, radhi nitaona baadaye.

Wifi yako,
Selina


Nassa
20 Mei 1997

Selina,

Marahaba. Hiyo ni ya leo na ya zile nyingine zote ulizoandika nikazipita. Huku hatujambo. Mvua zimekatika, viazi vimekubali. Nyumba ni kubwa bila kikohozi cha baba.

Swali lako ni la mtu ambaye hajakaa na mwanamume siku nyingi, kwa hiyo nitakujibu taratibu.

Asubuhi ile nilipomshika vidole nikakuta baridi, nilijua mara moja kwamba amenidanganya, kwa sababu namjua tangu akiiba sukari. Nikamvua shati nikaona tambara alilojikazia. Akaanza kulia. Akasema usimwambie Selina. Mtu mzima, ana ndevu, ana mtoto, analia hivyo. Nikiwa nimesimama na Yeremia anapiga honi, nikafikiria. Mkono huu ukifa, huyu atarudi kwenye chumba kimoja na mwanamke mkali mwenye mtoto mchanga. Mwanamke huyo atakuwa anamlisha, anamfunga vifungo vya shati, na kila siku atakuwa anajua kwamba mume wake aliua mkono wake mwenyewe kwa sababu mzee mmoja alimkunjia uso. Huwezi kumchukia mtu hivyo na bado ukamfunga vifungo. Mimi niko mbali, na mimi ulikuwa unanichukia tayari. Hakukuwa na gharama yoyote.

Na sikukudanganya kila kitu. Mimi ndiye niliyeandika aje na mkono. Alikuja akiwa ameisoma barua hiyo. Mzee Shimba alilisema kwa mdomo wake, lakini Masalu alikuwa ameshalisikia kutoka kwangu.

Nilipoweka vidole pale ulipoandika, sikusikia kitu, nikasubiri, halafu ukaanza kugonga. Ulikuwa unagonga kama wa mtoto. Nikaogopa, wifi. Nikajua umeniletea kitu ambacho kwetu hapa hakuna anayekiweza. Ningekuandikia hivyo, ila ulikuwa umeniandikia vibaya, nami nina kiburi.

Sasa amekuharibia mpango wangu kwa mdomo wake, kama kawaida yake. Basi mpige kofi la pili kwa niaba yangu, kisha muongee. Usimlaze na njaa. Vifungo vya shati mwondolee, mshonee la kuvaa kwa kichwa.

Mtoto mniletee. Kitovu chake kilichokauka mtakiweka mpaka lini bila shangazi kukiona? Jina nimeshampa, ni Dorotea, la mama yetu. Kama mna jingine la huko mjini liwe la pili.

Mje naye wote wawili, kwa lori. Nimewaambia watu wa hapa kwamba Masalu anakuja na atasalimia. Atatoa wa kushoto kwa sababu ndio alio nao, na wa kwanza kuupokea nitakuwa mimi, kwa mikono yangu yote miwili, mlangoni, mzee Shimba akiwa amekaa pale anaangalia. Kisha nitamgeukia yeye nione kama atauondoa wake tena.

Wifi yako,
Getruda